Mbwa Mchanga na Deni la Bwana Wake

Katika nchi yetu ya Njombe, toka Makambako hata Lupembe, wakulima waijua sana taabu ya nguruwe mwitu. Mchana mnyama huyu hulala vichakani na mabondeni. Usiku hutoka pamoja na jamaa zake akaingia mashamba. Huangusha mahindi, hufukua viazi kwa pua yake, na usiku mmoja watosha kuharibu kazi ya miezi. Dume lake laweza kufika kilo 100, na meno yake ya chini yana makali kama kisu. Ndiyo maana tangu kale watu wamefuga mbwa wa kuwinda. Nasi twataka kuuliza neno moja juu ya kazi hiyo: Je, ni haki kumpeleka kiumbe atuaminiye penye hatari ambayo yeye mwenyewe hakuichagua?

Kwanza tutazame jinsi mbwa mchanga afundishwavyo. Fundi mwema haanzi na nguruwe. Huanza na jina, ili mbwa ajue kuitwa na kuja. Kisha humfundisha kuacha: kuacha kuku, kuacha mbuzi wa jirani, kuacha hata kile akipendacho mara asikiapo sauti ya bwana wake. Baadaye huburuta kipande cha ngozi ya nguruwe majanini, naye mbwa hufuata harufu mpaka akione, akasifiwa. Halafu hufuatana na mbwa mzee mwenye akili, apate kuona jinsi yule amzuiavyo nguruwe kwa kubweka, pasipo kumrukia usoni, hata wenye mikuki wafike. Mbwa asiyetimiza mwaka haachwi peke yake mbele ya dume. Akiwahishwa, ama hupasuliwa tumbo, ama huingiwa na hofu isiyomtoka tena.

Wako wasemao, "Mbwa ni mbwa; amekula chakula chetu, na alipe." Lakini mbwa hakufanya mapatano nasi, wala hakuambiwa ya kuwa nguruwe ana meno. Yeye aenda kwa sababu sisi tumemwonyesha kwa kidole, naye hajatuona tukimdanganya. Ushujaa wake watoka katika kutuamini, na imani hiyo tumeijenga wenyewe siku kwa siku, kwa ugali na kwa mkono wa kumpapasa kichwani. Mtu aliyeijenga imani ya mwingine amejitwika deni.

Wengine husema kinyume: basi tusimtume kamwe. Nao hatuwezi kuwakubalia. Mbwa wa kuwinda huifurahia kazi yake. Aonapo mkuki waondolewa ukutani hurukaruka. Tena watoto wa mkulima wana haki ya kula mahindi yao. Kutuma si dhambi, illa kuna masharti yake.

Tufikiri mifano miwili ya wanyama waliofundishwa na kutumwa. Shirika la APOPO hufundisha panya buku huko Morogoro, pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, watambue kwa harufu mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua vitu zaidi ya 100 vya kulipuka, akastaafu mwaka 2021, akafa kwa uzee mwaka 2022. Kazi yake ilikuwa ya hatari, walakini waliomtuma walijua ya kuwa uzito wake mdogo hauwezi kulipua bomu, na kila siku walimngoja mwisho wa kamba yake. Mwingine ni mbwa Laika, aliyeokotwa njiani huko Moscow, akafundishwa kukaa kwa utulivu ndani ya chombo chembamba, akarushwa angani tarehe 3 Novemba 1957. Chombo kile hakikuwa na njia ya kumrudisha hai, na wakubwa wake walijua hivyo kabla hajaondoka. Akafa kwa joto baada ya saa chache. Mwaka 1998 Oleg Gazenko, mmoja wa wataalamu wale, alikiri hadharani ya kuwa majuto yake yazidi kadiri miaka ipitavyo.

Hapo ndipo twaona tofauti. Panya na mbwa wote wawili walitumwa. Lakini mmoja alikuwa na watu wa kumpokea, na mwenzake hakuwa naye yeyote. Katika 2 Samweli 11 twasoma habari za Uria. Uria alikuwa askari, na kutumwa vitani halikuwa jambo la ajabu kwake. Ubaya ulikuwa katika lile agizo la kwamba wenzake warudi nyuma wamwache peke yake, naye aliichukua barua ile kwa mkono wake mwenyewe, asijue neno lililomo, kwa sababu alimwamini mfalme.

Basi, ndugu wasomaji, mwenye mbwa asimtume kabla ya wakati wake. Na aende naye, mkuki mkononi, asibaki nyumbani akingoja nyama. Awe na sauti ya kumrudisha, na akijeruhiwa ambebe begani, amwoshe jeraha, amlishe hata siku asizoweza kuwinda tena. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali cha kuwinda. Mbwa hawezi kujua hayo, kwa hiyo ni juu ya bwana wake kumwuliza kwanza afisa wa wanyamapori.

Tena tusidhani ya kuwa maneno haya ni ya mbwa tu. Baba zetu wengi walitoka nchi hii kwenda kukata mkonge Tanga. Na hata leo huonekana binti mdogo akipandishwa basi pale Makambako kwenda kutumika katika nyumba ya watu mjini. Aenda kwa kuwa mama yake na mjomba wake wamemwambia, "Nenda, ni pema." Hajui kilichoko. Wazazi wanaomtuma, je, wameijua nyumba ile? Wamemfundisha kusema hapana? Anayo nauli ya kurudi, na mtu wa kumpokea usiku akirudi? Kama hawawezi kujibu hayo, wasimpandishe basi.