Amana ya Katibu

Kuandika au kuhariri maneno ya mtu mwingine kwa ujira huzua swali la dini: maneno yakishapita mikononi mwa katibu, mwenyewe ni nani? Pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, inalijua swali hili kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 masultani, mashehe na wakuu wa huko waliwaandikia maofisa wa Kireno barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na nyingi bado zimo katika Arquivo Histórico de Moçambique, Maputo, zikiwemo za Bwana Shaki bin Abdulatifu wa Quissanga. Mkuu akitumia katibu, barua ilivikwa salamu na dua za ada, kisha mkalimani wa serikali akaigeuza Kireno. Kila mkono uliweza kulainisha ombi au kunoa lawama.

Hukumu ya swali hilo imo katika aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inayohusu deni. Katibu anatakiwa aandike kwa uadilifu, asikatae kuandika, naye asidhuriwe. Lakini lililo zito zaidi ni kwamba anayetoa imla ni mdaiwa, si mdai. Asiyeweza, msimamizi wake humsemea kwa haki. Basi neno ni la yule litakalomfunga, hata kama kalamu na ufasaha ni vya mwingine.

Kwa kipimo hicho mhariri ana uhuru mpana. Apange upya sura, afute marudio, anyooshe sarufi. Hayo ni msaada halali kabisa. Asichoruhusiwa ni kuongeza dai ambalo mwenye jina hajalikiri, na ndiyo maana kumsomea mwenyewe maandishi kabla hayajatoka ni sehemu ya kazi.

Hati za kampuni ni ngumu zaidi, kwani anayelipa huenda siye anayefungwa. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya 1997 iliweka sharti la kushauriana na wenyeji kabla mwekezaji hajapewa ardhi. Wilayani Palma, ambako familia za Quitupo zilihamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi wa Afungi, watu husema Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili, ilhali lugha ya serikali ni Kireno. Katibu wa hati za mashauriano kama hayo huenda akalipwa na mwekezaji, lakini anayefungwa nazo ni pia mvuvi anayeacha ufuo wake. Kwa mantiki ya aya ile, mvuvi huyo ana haki ya kusomewa kila sharti kwa lugha yake na kulikataa au kulirekebisha kabla halijaandikwa kuwa amelikubali, na katibu anawajibika kwake ingawa hakupokea ujira kutoka kwake.