Kwenda Kukaa Ng'ambo: Mzigo ni wa Nani?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja muuguzi alitufikia akiwa na bahasha mkononi. Umri wake ni miaka 29. Mama yake ni mkulima wa tumbaku huko Urambo, na kwa fedha ya tumbaku hiyo alisomeshwa mpaka akapata cheti chake. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi za kuombea ukaazi wa kudumu katika nchi ya Kanada. Akatuuliza bila kuzunguka: “Padre, nikienda nisirudi, je, ni dhambi?”

Hatukumjibu upesi, maana swali hili si lake peke yake. Laulizwa katika nyumba nyingi, tangu Bukoba mpaka Songea, na mara nyingi huulizwa kwa siri: kijana aogopa kuitwa msaliti, na mzazi aogopa kuonekana mchoyo. Twaona yafaa tulijibu hadharani.

Kwanza yatupasa kulijua jambo lenyewe. Tangu Januari 2015 Kanada huwachagua wengi wa wafanyakazi wenye ujuzi kwa hesabu ya alama. Hutazamwa umri wa mtu, elimu yake, jinsi ajuavyo Kiingereza au Kifaransa, na miaka aliyofanya kazi. Aliye kati ya miaka 20 na 29 hupewa alama zote za umri. Akivuka hapo hupungua mwaka hata mwaka, na afikapo 45 hapati hata moja. Australia nayo ina hesabu yake ya namna hiyo. Hii ndiyo sababu ya haraka ya kijana wetu: mwakani atatimiza miaka 30.

Akikubaliwa, hawi bado raia wa Kanada. Abaki Mtanzania, mwenye ruhusa ya kukaa na kufanya kazi kule. Na ili asiipoteze ruhusa hiyo, yampasa kuwamo nchini humo siku zisizopungua 730 katika kila miaka 5. Baadaye aweza kuomba uraia. Lakini hapo ajue kwamba sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Basi njia hii ina malango mawili. Aliyepita lango la kwanza aweza kurudi siku yoyote akiwa mwenyeji kwao. Aliyepita la pili atarudi akiwa mgeni mbele ya sheria.

Karatasi zile zauliza mambo mengi. Haziulizi: Nani alikusomesha? Ukiisha kwenda, nani atashika zamu yako ya usiku? Hatuilaumu Kanada kwa hilo. Kila nchi huandika maswali kwa faida yake. Lakini dhamiri nayo ina maswali yake, na hayo hayana alama.

Sisi wa Tabora hatuwezi kusema kwamba kusafiri mbali ni desturi ngeni. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, mji huu ulikuwa njia panda ya misafara iendayo Ujiji na irudiyo Bagamoyo. Wanyamwezi walijulikana pwani nzima kwa kazi ya upagazi. Kijana alijitwika mzigo wa kilo 30 hivi, akatembea miezi mpaka baharini. Na asiyepata kuiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Wengi waliondoka baada ya mavuno, wakarudi majira ya kulima. Lakini si wote waliorudi. Msiri, mtu wa Usumbwa, alikwenda Katanga katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya biashara ya shaba na pembe, akakaa, akawa mtawala mwenye nguvu huko Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891. Wazao wa watu wake, yaani Wayeke, wangali huko hata leo. Kwa hiyo tusiwaambie vijana kwamba babu zao wote walikaa nyumbani. Hawataamini, na watakuwa na haki.

Hata hivyo, njia hiyo hiyo ilipitwa na watu wengine, wenye minyororo shingoni. Vumbi lilikuwa lile lile, jua lile lile, na kiu ile ile. Tofauti ni kwamba pagazi alikwenda kwa mapatano, na mtumwa alipelekwa. Kwa sababu hiyo, tukitaka kupima safari ya mtu, tusianze kwa kuuliza aenda wapi. Tuulize kwanza kama ana hiari.

Mafundisho ya Kanisa yako wazi katika jambo hili. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliitaja ruhusa ya kuhamia nchi nyingine kwa sababu za haki kuwa mojawapo ya haki za binadamu. Papa Benedikto XVI naye, mwaka 2012, alikumbusha haki itanguliayo hiyo, yaani haki ya mtu kutolazimika kuihama nchi yake. Haki hizi mbili zapaswa kutembea pamoja. Kijana aliyehitimu uuguzi akangoja ajira miaka mingi, cheti kikiwa sandukuni naye akiuza mitumba sokoni, hakufungwa mnyororo. Lakini nani atasema kwamba achagua kwa hiari kamili?

Sasa tumsikilize na mwenye hoja ya upande wa pili, maana hoja yake si ndogo. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapa Tabora, akafundisha hapa katika shule ya Mtakatifu Maria tangu 1946 mpaka 1949, kisha akaenda Edinburgh kwa masomo, akarudi mwaka 1952. Mwaka 1964, akiwa Rais, alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila chakula hicho na asiwaletee ndugu zake kitu, ni msaliti.

Maneno hayo ni makali, lakini tukiyapima tutaona uzito wake. Mama wa Urambo alilipa ada. Lakini nani alijenga shule ya msingi aliyosoma mtoto wake? Nani alimlipa mwalimu wa hesabu? Nani walikuwa wale wagonjwa wa wodini, ambao mikono ya mwanafunzi ilijifunzia juu ya miili yao, nao wakavumilia sindano iliyokosea mshipa? Wengi wao hawatakiona chuo maisha yao yote, na watoto wao pia. Na upungufu wetu wajulikana hata nje. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipatana kanuni juu ya kuajiri wauguzi na waganga wa nchi nyingine. Na mwaka 2023 Shirika hilo lilitaja nchi 55 zenye uhaba mkubwa kiasi kwamba mataifa mengine yaombwa yasiende huko kuwavuta wafanyakazi wa afya. Tanzania imo katika nchi hizo. Lakini kanuni zile hazimkatazi mtu mmoja mmoja kwenda kwa hiari yake. Zamwachia yeye na dhamiri yake, na hapo ndipo tulipo.

Twafikiri njia ya misafara yaweza kutusaidia. Pagazi mara nyingi alipokea sehemu ya ujira wake kabla ya kuondoka, na njiani alipewa posho. Aliyetoroka na mzigo wa watu aliitwa mwizi, na kwa haki. Lakini tajiri aliyewanyima watu posho, au aliyewapiga wagonjwa ili watembee, huenda aliamka alfajiri akakuta mizigo imewekwa chini kwa utaratibu, na watu wamekwenda zao. Je, hao nao ni wezi? Twaona sivyo. Walimwachia mwenye mali mali yake.

Basi ujuzi wa muuguzi ni mzigo wa namna ya pekee: hauwezi kuwekwa chini. Mtu hawezi kuuacha Tabora kichwa chake kikaenda Toronto. Aendako waenda naye. Kwa hiyo hana njia ya yule pagazi aliyeweka mzigo kando ya njia akaenda zake akiwa hana deni. Msafara ukiwa mwema au mbaya, yeye angali na kitu cha watu kichwani, na swali lake ni hili: nitakifikishaje kwa wenyewe?

Wengi hujibu: “Nitatuma fedha nyumbani.” Ni jibu jema, na nyumba nyingi zaishi kwa fedha hizo. Lakini tutazame vizuri. Bati la nyumba ya mama ni deni la mama. Halimtibu mwanamke wa kijiji cha pili anayejifungua usiku katika zahanati yenye muuguzi mmoja aliyechoka. Kuna deni la nyumba, na kuna deni la watu. Mwenye kulipa la kwanza asidhani kwamba amekwisha kulilipa na la pili. Hili la pili hulipwa kwa namna nyingine: kumsomesha mtoto wa jirani asiye na undugu naye, mpaka ashike zamu ile iliyoachwa, kurudi kwa miezi kadhaa kufundisha chuoni, au kurudi kabisa baada ya miaka, akiwa na ujuzi usiopatikana hapa. Namna si moja. Lakini iwe na jina, na iwe na wakati wake. Maana deni lisilo na siku ya kulipwa huishia kuwa hadithi.

Tena pana mambo mawili ambayo hayana mjadala. Barua ya kazi iliyotungwa, cheti cha kununua, ndoa ya karatasi isiyokuwa ndoa: hizo ni uongo, hata kama nia ni kumwokoa mama na umaskini. Na mwenye mke au mume asiifanye safari kuwa talaka ya kimya kimya. Wapatane kwanza jinsi watakavyoungana, na lini.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wapo wamsukumao mtoto aende ili nao wajengewe kama jirani, na wapo wamtishao kwa laana akitaja kuondoka. Wote wawili wamfanya mtoto kuwa mali. Na wenye kuajiri, serikali na watu binafsi, pamoja na sisi wa Kanisa wenye hospitali na shule, yatupasa tujichunguze kabla ya kumnyoshea mtu kidole. Muuguzi anayelipwa kwa kuchelewa, anayelala katika chumba kinachovuja, anayekemewa mbele ya wagonjwa, ana haki ya kutuuliza posho yake iko wapi. Aliyewanyima watu posho hana kinywa cha kuwaita watoro.

Kijana yule tulimjibu hivi: Kwenda si dhambi. Kukaa huko si dhambi. Lakini mtu aweza kwenda kwa namna iliyo dhambi, akijiambia kwamba yote aliyo nayo ni ya jasho lake mwenyewe, na kwamba hadaiwi na mtu. Kisha tukamwomba jambo moja. Kabla hujaipeleka bahasha hii, nenda Urambo. Kaa na mama siku mbili. Halafu nenda katika zahanati ya kijiji, ukae na yule muuguzi siku moja. Baadaye chukua karatasi nyingine, uandike unadaiwa nini, na nani, nawe utalipaje. Ukiweza kuiandika kwa kweli, uende na baraka zetu. Ukishindwa, ngoja kwanza.

Akatuambia: “Padre, nikingoja, alama zangu zitapungua.”

Tukakubali kwamba ni kweli zitapungua. Hatukuwa na neno la kuliondoa hilo, wala hatuna leo. Akaishika bahasha yake kwa mikono miwili, akaaga, akaelekea stendi ya mabasi ya Urambo.