Ua na Picha Yake

Mwezi wa Desemba, mikrismasi ya Dar es Salaam inapowaka wekundu, matawi yake huingizwa makanisani. Asili ya mti huo ni Madagaska. Sisi tumeupa jina la sikukuu kwa kuwa huchanua majira yake. Huko Mikocheni tuliwakuta akina mama wamepamba altare kwa matawi hayo na mashada ya asumini. Watu walipanga mstari, simu mkononi, nasi tukiwamo. Tukapiga picha tatu, tukatoka.

Nyumbani mama, ambaye miguu haimruhusu tena kutembea, alizitazama kwa furaha. Kisha akauliza: "Asumini zilikwisha funguka, au zilikuwa bado tumba?" Hatukujua. Hata harufu yake hatukuikumbuka.

Je, tulikwenda kuyatazama maua, au kuyachukua tu? Hatusemi kwamba picha ni kosa; bila picha mama asingaliona chochote, na kwa nini anyimwe? Lakini maua ya tawi lililokatwa hunyauka upesi, na aliyeyapanga alilijua hilo alipoamka alfajiri. Kazi yake ilimtaka mtazamaji atue kidogo. Sisi tuliyapa maua mgongo, tukaitazama simu.