Uasherati na Uzinzi: Je, ni Dhambi Moja?



Katika darasa la ubatizo hapa Base Camp kijana mmoja alikuja na Biblia mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza ile ya King James. Katika Wagalatia 5:19 Kiingereza kinaanza na "adultery", ndipo "fornication". Union Version yetu inaanza na uasherati moja kwa moja. Akauliza: Mchungaji, neno moja limepotelea wapi? Halikupotea. King James ya mwaka 1611 ilifuata nakala za Kigiriki zenye neno hilo. Nakala za kale zaidi hazina. Lakini yote mawili yako Mathayo 15:19, kwa hiyo asifurahi mtu.

Uzinzi, yaani "adultery", ni kuvunja ndoa: mmoja wao, au wote wawili, ana mume au mke. Uasherati, yaani "fornication", twazoea kuutaja kwa wasiooa na wasioolewa, ila Kigiriki chake, porneia, ni gunia kubwa lenye zinaa ya kila namna. Ndiyo maana Mathayo 5:32 inataja uasherati hata kwa mke wa mtu.

Sasa yetu. Wako ndugu walioacha wake Kongo au Burundi wakati wa vita, na hapa wanaishi na mwingine. Ukiwauliza: "Huyu hana mume, ni uasherati tu." Eti "tu"! Mke aliye hai kule Masisi hakufutwa na mpaka, wala kadi ya chakula haifungishi ndoa. Sheria ya zamani ya Uganda nayo ilimhesabia mume hatia pale tu alipomwendea mke wa mtu, bali mke alihukumiwa kwa mwanamume yeyote. Mahakama ya Katiba iliifuta mwaka 2007. Yesu, Marko 10:11-12, alikwisha kuwapima wote wawili kwa mizani moja.

Usiyejua kama mwenzako yu hai, anza kwa Msalaba Mwekundu, wao hutafuta waliopotezana. Usijifanyie mazishi ya mtu ambaye hujasikia habari zake.

Na ninyi mnaokaa pamoja kwa sababu ng'ombe wa mahari walibaki nyumbani, siwaiti wazinzi. Njooni kwa wazee wa kanisa, tuongee na wazazi, tuwafungishe ndoa.