Utabiri wa mvua na elimu ya ghaibu: Kosa nililolifanya Ikwiriri



Kila mwaka, kabla ya Vuli na kabla ya Masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza utabiri wa msimu mzima. Na kila mwaka, hapa kwetu Ikwiriri, utabiri huo huzua mabishano barazani hadi msikitini. Wapo wanaosema ni uongo mtupu, maana mwaka fulani walisema na haikuwa. Wapo wanaosema haifai hata kuusikiliza, kwa kuwa mvua ni katika mambo ya ghaibu. Leo nami nachangia mjadala huu, na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu anayeficha kosa lake huwaachia wanafunzi wake walirithi.

Mwezi Agosti 2023 TMA ilitangaza kuwa Vuli ya mwaka ule ingekuwa na mvua za juu ya wastani katika maeneo mengi kutokana na El Nino. Siku chache baadaye, katika darasa letu la baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja anayelima mpunga bondeni aliniuliza: "Mwalimu, hawa wa redioni wanasema mvua mwaka huu zitazidi. Nishuke bondeni au nilime huku juu?"

Nilimjibu kwa kujiamini. Nilimsomea aya ya 34 ya Surat Luqman, inayotufundisha kuwa Allah (SW) ndiye mwenye elimu ya Kiyama, ndiye anayeteremsha mvua na ndiye anayejua yaliyomo matumboni. Nikamuongezea makemeo ya Mtume (SAW) kwa anayemwendea kahini na kumsadiki. Nikahitimisha kwa kumwambia: "Mzee wangu, wewe lima, mtegemee Mola wako." Darasa zima likaitikia kwa takbira.

Mzee akashuka bondeni na mbegu yake yote. Ulipotoka utabiri wa Masika, Februari 2024, sikuugusa darasani. Kwangu mimi suala lilikuwa limekwisha fungwa. Mwanzoni mwa Aprili 2024 mto Rufiji ukafurika, maji yakaingia mashambani na majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na maelfu ya watu wakapoteza mazao na makazi. Mpunga wa mzee ulikuwa umeanza kutoa masuke. Wote ukalala chini ya maji. Wajukuu zake wawili waliokuwa dunguni wakiamia ndege walitolewa kwa mtumbwi.

Nilikwenda kumpa pole. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, aya ile ile si inasema kwamba hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho? Mbona nilipokuwa nahesabu magunia yangu kabla sijavuna, hukuniambia kuwa naingilia ghaibu?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani, nikaifungua aya ile upya.

Neno utabiri limetuponza

Kwa hakika sehemu ya tatizo imo katika lugha. Kiswahili kinatumia neno moja, utabiri, kwa mtaalamu wa hali ya hewa na kwa mpiga ramli. Anaposikia "mtabiri", Muislamu humfikiria yule wa bao na hirizi. Lakini asili ya neno hilo katika Kiarabu ni kufasiri, hasa kufasiri ndoto, na mzizi wake umo ndani ya Surat Yusuf, pale mfalme wa Misri alipowataka wakubwa wake wamfasirie ndoto yake. Kahini ni mtu mwingine kabisa. Kahini anadai kuletewa habari bila ya sababu yoyote inayoweza kuchunguzwa. Ukimuuliza amejuaje, atakutajia majini.

Mtaalamu wa hali ya hewa ukimuuliza amejuaje, atakuonesha vipimo. Atakuambia joto la maji ya bahari ya Pasifiki limepanda kiasi gani, na kama bahari ya Hindi upande wetu ina joto kuliko upande wa Indonesia. Hizo ni sababu alizoziweka Allah (SW) katika viumbe vyake, na Qur'an yenyewe, katika Surat Ar-Rum aya ya 48, inatueleza kuwa Yeye huzituma pepo zikayatimua mawingu, kisha mvua ikatoka ndani yake. Anayeupima upepo na bahari anazisoma sababu hizo, na hajafungua mlango wa ghaibu.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Mvuvi wa delta husema kusi inakaribia, akafunga chombo chake. Mkulima huangalia maua ya miti na nyendo za siafu, akaamua siku ya kupanda. Hatujasikia hata siku moja shehe akiwakufurisha. Vipi basi anayepima kwa mitambo aonekane mshirikina, na anayepima kwa siafu aonekane mcha Mungu?

Ama ile aya ya Luqman, ukamilifu wa elimu ndio ulio wa Allah peke yake. Daktari leo humwambia mama mjamzito kuwa mtoto ni wa kike, wala hatusemi amekuwa mshirika wa Mwenyezi Mungu. Hajui atakuwa mwema au muovu, ataishi miaka mingapi, rizki yake ni kiasi gani. Vivyo hivyo mtu wa TMA anasema mvua zinaelekea kuwa nyingi, lakini hajui kila tone litaangukia wapi, na wala hawezi kulileta au kulizuia.

Upo mpaka ambao hatuna budi kuuchunga. Kule Hudaybiya, baada ya usiku wa mvua, Mtume (SAW) aliwafundisha Maswahaba kwamba aliyeinasibisha mvua na fadhila za Allah ameamini, na aliyeinasibisha na nyota amekufuru neema hiyo. Kwa hiyo tujihadhari na ndimi zetu tunaposema "El Nino imetuletea". El Nino ni joto la bahari. Haina uamuzi wala rehema. Mletaji ni Yule aliyeipa bahari joto lake.

Je, utabiri huwa sahihi?

Hapa ndipo wanaobisha wana hoja ya kusikilizwa. Mwaka 1997 kulikuwa na El Nino kubwa, na Afrika Mashariki ikapata mvua zinazokumbukwa hadi leo. Mwaka 2015 ikaja El Nino nyingine yenye nguvu inayolingana na ile, watu wakatishika, lakini mvua zake kwetu hazikufika zile za 1997. Kisha mwaka 2019, bila ya El Nino kubwa, Vuli ikawa na mvua kubwa mno. Wataalamu wanaeleza sababu: bahari ya Hindi iliungana na Pasifiki mwaka 1997, haikufanya hivyo kwa kiwango kile mwaka 2015, na mwaka 2019 ilitosha yenyewe. Aidha, wanakiri kuwa Vuli hutabirika vizuri zaidi kuliko Masika.

Hebu tuangalie utabiri wenyewe unasema nini. "Juu ya wastani" maana yake ni kulinganisha na wastani wa miaka 30 katika eneo pana. Tuchukulie wamesema uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani ni asilimia 45, wa kuwa wastani asilimia 35, na wa kuwa chini ya wastani asilimia 20. Basi wametuambia waziwazi kuwa katika misimu mitano ya namna hiyo, mmoja huenda ukawa mkavu. Msimu huo ukija, hawakusema uongo. Sisi ndio tulioyachukua maneno ya "huenda" tukayafanya ahadi.

Na sheria yetu inaijua daraja hii. Aliye safarini asiyejua kibla hukisia kwa dalili alizonazo, akaswali, na swala yake husihi. Kadhi huhukumu kwa mashahidi wawili waadilifu, ingawa yawezekana wakakosea. Mafaqihi wanaiita dhana yenye nguvu, na juu yake hujengwa matendo mengi ya ibada na muamala. Utabiri wa msimu ni ushahidi wa namna hiyo. Hauna daraja ya yakini, wala si haki kuufananisha na porojo.

Tukumbuke pia kuwa anayelikataa onyo anatabiri vilevile. Mimi nilipomwambia mzee ashuke bondeni nilikuwa natabiri kuwa mto hautafurika, tena bila kipimo chochote. Tofauti yangu na wale wa redioni ni kuwa wao walitaja sababu zao.

Mwezi Mei 2024 nililiona jambo hili tena. Tahadhari ilitolewa kuhusu kimbunga Hidaya. Mei 4 kikafika karibu na Mafia kikiwa kimepungua nguvu, na baadhi ya watu wakacheka kuwa wametishwa bure. Lakini mvua zake zikakata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, na wasafiri wakakwama. Aliyekuwa mbali aliona uongo, na aliyekuwa barabarani aliona ukweli, ilhali kimbunga ni kimoja.

Maji ya Rufiji hayatoki Rufiji

Kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wengine. Mto wetu unakusanya maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Kwa hiyo bonde la Ikwiriri laweza kufurika hata kama angani kwetu pameng'aa. Huko juu mvua zao ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Anayesikiliza utabiri wa mkoa wa Pwani peke yake amesikia nusu ya habari. Asikilize na wa nyanda za juu kusini, na sasa kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere lipo juu yetu, afuatilie pia taarifa za kufunguliwa maji.

Vilevile mafuriko kwetu yana sura mbili. Yanapokupuka huacha rutuba, na wazee wetu wamelima mlau juu ya tope hilo kwa vizazi vingi. Anayelichukua onyo mapema huokoa watoto, na pia huweka akiba ya mbegu ya kupanda baada ya maji kupungua. Mzee wangu yule alipanda mlau wake kwa mbegu za kuazima, kwa sababu zake zote zilikuwa bondeni kwa fatwa yangu.

Tawakkul ya Nabii Yusuf

Nabii Yusuf (AS) alifundishwa na Mola wake kuwa itakuja miaka saba ya neema na saba ya dhiki. Yeye alikuwa na wahyi, na TMA hawana wahyi. Lakini tutazame alichokifanya kwa habari ile. Hakuwaambia Wamisri wakae wakimtegemea Mungu. Aliwaelekeza walime kwa bidii, na wanachovuna wakiache katika masuke yake ila kidogo cha kula. Naye Sayyidna Umar (RA), alipokataa kuingia nchi ya Sham yenye tauni na akaulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, alijibu kwamba anaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Hiyo ndiyo tawakkul niliyopaswa kumfundisha mzee.

Hivyo basi, nawashauri maimamu na walimu wenzangu wa bonde hili: utabiri unapotoka, usomwe katika matangazo baada ya swala ya Ijumaa, pamoja na asilimia zake. Ulizeni ofisi ya kilimo ya wilaya pale msipoelewa. Msieneze ujumbe wa simu usio na mwenyewe, kwani Surat Al-Hujurat imetuamuru kuzihakiki habari. Mkulima agawe mbegu zake, nyingine bondeni, nyingine juu, nyingine akiba. Wazee na watoto watoke madunguni mto unapoanza kupanda. Kisha tuinue mikono, tumuombe Allah aijaalie mvua kuwa ya manufaa.

Na aliye mwalimu asijibu asilolijua. Mimi nilijibu, na gharama akailipa mwingine.

Wabillahi Tawfiq.