Filimu za Kutisha na Mtoto Aliyelazwa Jikoni



Tangu Kwaresima nimeulizwa swali moja mara nyingi, nao wanaouliza ni watu wazima wanaojitayarisha kwa Ubatizo. Wanasema: Je, mtu anayetaka kumkataa Shetani na mambo yake yote, aweza kukaa nyumbani usiku na kutazama filimu za wachawi na mizimu? Swali ni jema. Zamani, wakati wa Wabelgiji, mtu wa kijijini aliyetaka kuona filimu alingoja gari la misioni au la serikali lije na kitambaa cheupe. Leo paneli moja ya jua, betri, televisheni ndogo, na flashi iliyojazwa filimu mjini Lubumbashi vyatosha, na nyumba moja yakusanya watu wa nyumba kumi.

Nitajibu kwanza kwa ufupi, kisha nitaeleza kosa langu mwenyewe.

Kutazama hadithi si kumwabudu anayesimuliwa ndani yake. Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya mwaka 1957, alisema kwamba sinema, redio na televisheni ni kazi za akili ya binadamu, na hata hivyo ni zawadi za Mungu. Akataka Wakristo wafundishwe kutazama kwa akili na kupambanua. Neno hilo la kupambanua ndilo tulilolisahau.

Basi, tazameni jinsi filimu hizi zinavyotengenezwa. Nyingi zinazoonwa kwetu zatoka Nijeria. Mwaka 1992 mfanyabiashara mmoja wa huko, Kenneth Nnebue, alitoa filimu iitwayo Living in Bondage, ambayo haikupigwa kwa ajili ya jumba la sinema, bali kwa kaseti za kuuzwa na kutazamwa nyumbani. Ni habari ya mume anayemtoa mkewe sadaka kwa chama cha siri apate utajiri, na roho ya mke yamtokea baadaye. Iliuzwa sana, na wengi wakafuata njia hiyo: fedha kidogo, siku chache za kazi, nyumba ya kuazima. Hata jirani zetu wa Dar es Salaam wametengeneza za kwao kwa Kiswahili, kama Shumileta ya Mussa Banzi.

Damu mnayoiona ni rangi iliyochanganywa na sharubati. Mtu anayetoweka ghafula hakutoweka. Kamera ilisimamishwa, akaondoka, kisha kamera ikaendelea. Ujanja huo ni wa kale. Mfanya mazingaombwe mmoja wa Paris, Georges Méliès, aliutumia mwaka 1896 kumfanya mwanamke atoweke kitini. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji uchawi ili kutoweka katika filimu.

Lakini filimu hizi zina jambo moja linalotudanganya kuliko damu. Nyingi zamalizika kwa maneno ya kumtukuza Mungu, na ndani yake mna mchungaji anayeomba na kushinda. Kwa hiyo mtazamaji huziona kama mahubiri. Mwaka 1999 ilitoka nyingine, End of the Wicked, iliyoandikwa na Helen Ukpabio, mkuu wa kanisa moja la Nijeria. Humo watoto waingizwa katika kundi la wachawi usiku na kuwadhuru wazazi wao. Watetezi wa watoto wameilaumu sana. Anayeitazama chumbani mwake, na watoto wa ndugu wamelala mkekani hatua mbili toka alipo, aweza kugeuka na kuwatazama kwa jicho lingine.

Haya nayajua, maana nimekosa mimi. Jumamosi moja nilitazama kwa jirani filimu ya mtoto yatima anayetoka mwilini usiku. Jumanne iliyofuata, katika mafundisho, niliisimulia kama mfano wa kazi za Shetani, hata sauti ya bundi niliiga, nami niliona fahari jinsi watu walivyonyamaza. Sikusema kwamba ni filimu tu.

Mmoja wa wasikilizaji alikuwa akimlea mtoto wa marehemu dada yake, mvulana wa miaka tisa. Juma lile mtoto alipata homa, akaweweseka usiku, akalowesha mkeka. Mbuzi wa nyumba naye akafa. Yule mjomba akanijia asubuhi, akasema, «Mwalimu, ulilotufundisha nimeliona nyumbani mwangu.» Ilinipasa kumwambia ampeleke mtoto zahanati, kwa kuwa homa na kuweweseka vinatokana na malaria mara nyingi sana kwetu. Nilinyamaza. Niliogopa asidhani kwamba mimi katekista sisadiki kuwa Shetani yuko.

Mtoto akalazwa jikoni, akatengewa sahani yake. Kisha akapelekwa kwenye chumba cha maombi, ambako walitaka fedha, na mtoto afunge chakula siku tatu. Siku ya nne hakuonekana. Alikuwa amewafuata watu wa baiskeli wapelekao makaa mjini.

Tulimtafuta siku kumi na moja, mjomba na mimi. Tulimkuta katika soko la mtaa wa Kenya, analala chini ya meza ya muuza samaki, mchana akibeba mizigo ya wanunuzi. Alipomwona mjomba wake hakukimbia wala hakulia. Alikinga uso kwa mkono.

Wapenzi, katika mji huo wako watoto wengi waliotoka nyumbani kwa neno kama hilo. Sheria ya nchi inalikataza: Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, na sheria ya kulinda mtoto ya 10 Januari 2009, inayomtia gerezani mwenye kumshtaki mtoto kwamba ni mlozi. Na Kanisa halimruhusu padri yeyote kumfanyia mtu uzinguo pasipo idhini ya pekee ya Askofu wake. Sembuse mtu wa chumba cha maombi anayedai fedha.

Kumbukeni Mitume katika chombo, usiku, upepo ukivuma. Walimwona mtu anakuja juu ya maji, wakapiga kelele kwa hofu, wakasema ni mzimu. Kumbe ni Bwana. Na baada ya kufufuka alipowatokea, wakadhani tena hivyo hivyo, naye hakuwakemea kwa maneno makali; aliwaonyesha mikono na miguu, akaomba chakula, akala samaki mbele yao. Mara mbili marafiki zake wenyewe walimdhania kuwa mzimu. Sisi ni nani hata tusikosee juu ya mtoto mwenye homa?

Kwa hiyo jibu langu ni hili: tazameni mkitaka, ila watoto wadogo wasiwepo, na mwenye nyumba aseme waziwazi kwamba ni mchezo. Nanyi mkiona baada ya filimu mnamwogopa mtu wa nyumba yenu, izimeni, msiirudie. Hofu hiyo ndiyo mojawapo ya mambo ya Shetani mtakayoyakataa mbele ya kisima cha Ubatizo.

Padri aliuahirisha Ubatizo wa yule mjomba mwaka mmoja. Mimi aliniondoa katika kufundisha hadi Pentekoste, nikaketi nyuma pamoja na wakatekumeni. Sikuwa na la kujitetea. Mtoto alitibiwa, yuko darasani kwangu, ingawa hata sasa hula upesi upesi kana kwamba atanyang'anywa sahani.

Juzi niliwaonyesha wanafunzi ule ujanja wa Méliès kwa simu yangu. Yeye ndiye aliyechaguliwa kutoweka. Alisimama chini ya mwembe, nikasimamisha simu, akajificha nyuma ya shina, nikaendelea. Darasa lilicheka hata mwalimu wa jirani akaja kuuliza. Jioni aliiomba simu ampelekee mjomba wake, nami nikamfuata. Mjomba aliitazama mara tatu bila neno. Kisha akainuka, akavaa kofia yake nzuri, akaenda kusimama kando ya mlango wa jiko, akamwambia mtoto, «Haya, na mimi nitoweshe.»