Kumwendea Mamba Mwenye Jina

Swali lililoletwa mbele yetu na walimu wenzetu wa Kajaga ni dogo kwa sura. Wamekusudia kuwapeleka wanafunzi wao ziara ya siku moja wakatazame wanyama. Wanafunzi walipoulizwa wapendalo, wakajibu kwa sauti moja kwamba wamtaka Gustave. Walimu wakagawanyika. Wengine wakaona ni heri, maana mtoto aliyejichagulia jambo hujifunza kwa moyo. Wengine wakaona haya, wasiweze kueleza ni haya ya nini. Sisi twadhani haya hiyo ina sababu, na kwamba yafaa itafutwe kabla ya kutafuta basi la kuwapeleka.

Kwa wasomaji walio mbali na Ziwa Tanganyika, Gustave ni mamba wa Mto Rusizi na fukwe za kaskazini mwa ziwa. Jina hilo alipewa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi kwa miaka mingi na kumfuatilia mnyama huyo. Urefu wake ulikisiwa kupita mita sita, ijapokuwa hakuna aliyemlaza akampima. Hapo kwanza ilisemwa kwamba ana umri wa miaka mia. Wataalamu walipoona kuwa meno yake yamekamilika, wakaushusha umri hadi kama sitini. Faye na wenzake walitengeneza mtego wa chuma wenye urefu wa mita tisa hivi, wakatia chambo cha kila namna, hata mbuzi aliye hai, lakini mamba hakunaswa. Habari hizo zilionyeshwa katika filamu ya televisheni mwaka 2004. Mwaka 2007 Wamarekani wakatoa sinema ya kutisha iitwayo Primeval, ambayo kisa chake kimewekwa Burundi lakini picha zilipigwa Afrika ya Kusini. Tangu 2015 hazijapatikana habari za kutegemewa za kuonekana kwake, na mwaka 2019 jarida moja la safari liliandika kwamba ameuawa, bila kueleza ni nani aliyemwua wala ni wapi.

Basi jambo la kwanza ni kuwaambia watoto ukweli: mnyama wamtakaye hayumo katika bustani yoyote, wala hajapata kuwamo. Kilichopo ni Makumbusho Hai ya Bujumbura, yaliyoanzishwa mwaka 1977, umbali wa kama kilomita kumi kutoka Kajaga, ambayo kwa miaka mingi yamejulikana kwa mamba wake, nyoka wake na chui. Upo pia mdomo wa Rusizi, upande wa Gatumba, katika hifadhi ya taifa iliyoundwa mwaka 1980, ambako mamba na viboko hawakufungiwa. Huko ni karibu zaidi kwa watu wa Kajaga.

Lakini ukweli huo hautoshi, maana mtoto atajibu, "Haidhuru, mwalimu, twende tukawaone ndugu zake." Hapo ndipo swali lenyewe linapoanza. Umashuhuri wa Gustave umejengwa kwa watu aliowala. Kila aandikaye habari zake hutaja mamia, na hesabu inayopendwa kurudiwa ni mia tatu. Hakuna aliyekaa ukingoni na daftari. Wavuvi, waogaji na watu waliokwenda kuteka maji walipotea katika ziwa lenye mamba wengi, na katika miaka ya vita vilivyoanza 1993, maiti za watu waliouawa na binadamu wenzao zilitupwa mtoni. Wapo wasemao kwamba hapo ndipo mamba walipozoea nyama ya watu. Iwe kweli au isiwe, twaona hatari katika hadithi ya mamba mmoja mkubwa aliyebeba vifo vyote: yageuka kapu ambamo kila kifo cha majini chaweza kutupwa, na kifuniko kikafungwa.

Tena angalia jinsi majina yalivyogawanywa. Mamba ana jina, nalo ni la Kifaransa, linajulikana na watu wasioweza kuionyesha Burundi katika ramani. Waliokufa wana majina pia, ila yanajulikana katika nyumba zao tu. Mwalimu wa Kajaga, katika mtaa ulio kando ya ziwa, hawezi kuwa na hakika kwamba darasani mwake hamna mtoto ambaye mjomba wake au dada yake aliingia majini asirudi. Je, mtoto huyo aimbe garini pamoja na wenzake kwamba wanamwendea Gustave?

Mwenzetu mmoja alitujibu kwamba watoto hupenda kutishwa, na kwamba ngano zetu zimejaa mazimwi. Ni kweli. Hata hivyo, katika ngano zimwi hupasuliwa tumbo, na waliomezwa wakatoka wazima, kijiji kizima pamoja na ng'ombe zao. Msimulizi humtisha mtoto ili amrudishe salama. Sinema ya zimwi hairudishi mtu.

Sasa tumfikirie mamba wa kizimbani, ambaye naye yafaa atetewe. Huyu hakumla mtu. Pengine aliingia humo angali mdogo, akakulia katika birika la saruji. Lakini mtoto aliyejazwa habari za Gustave atamtazama kama mfungwa anayetumikia kifungo, na atakapookota kokoto ili amrushie, moyoni ataona analipa kisasi. Adhabu humfaa ajuaye kosa, na mamba hajui kosa. Ajua njaa na jua. Tuseme mtego ule ungefaulu, Gustave akakamatwa akiwa hai. Kizimba kingekuwa halali, kwa ajili ya mama atekaye maji na mvuvi avutaye wavu. Lakini hicho kingekuwa boma la kuwalinda watu, kisingekuwa gereza. Na tiketi ya kwenda kumtazama ingehitaji hoja nyingine kabisa, kwa kuwa kulindwa kwa mvuvi hakuongezwi hata chembe na sisi kusimama pale tukistaajabu ukubwa wa taya.

Liko jambo jingine, nalo twalitaja kwa kuwa waandalizi wa ziara hulikuta mlangoni. Wasafiri wengi wameeleza kwamba katika Makumbusho Hai mgeni aliweza kununua simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa afananaye na panya asiye na mkia, ili atupiwe mamba au chui akiwa hai, mgeni akitazama. Je, mwalimu akubali akiombwa? Tulibishana sana juu ya hili. Yupo aliyesema kwamba kukataa ni unafiki, maana watoto hao hao wameshika miguu ya kuku akichinjwa uani, na mamba lazima ale. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haikutushinda. Kuku wa uani huchinjwa kwa sababu kuna watu wa kulishwa. Mtu akiondoka pale, kuku atachinjwa vilevile. Simbilisi wa mlangoni hufa saa ile kwa kuwa yuko mtazamaji aliyelipa. Mamba atalishwa na watunzaji wake, tuwepo tusiwepo. Tunachonunua sisi ni kuona. Mtoto aliyefundishwa kwamba kufa kwa kiumbe kwaweza kununuliwa ili kutazamwa amefundishwa jambo ambalo hatuna budi kumfundua baadaye kwa taabu. Hatutaki lifundishwe kwa fedha za wazazi.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wasemao ziara iachwe. Watoto wa Kajaga wana haki ya kuwajua majirani zao, na majirani ndio neno halisi. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021, na tena 2024, yaliingia katika mitaa ya kandokando, na viboko wakasogea hadi penye nyumba za watu. Mtoto wa huko huenda amesikia kiboko akikata majani usiku, upande wa pili wa ukuta, kabla ya kumwona kitabuni. Huyo hahitaji kuonyeshwa kwamba wanyama wakubwa wapo. Ahitaji kujua desturi zao: saa watokazo majini, njia wazipitazo, kwa nini mamba hulala kinywa wazi, na kwa nini jike wa mamba, atishaye hivyo, huwachukua watoto wake kinywani asiwadhuru. Maarifa hayo yaweza kumwokoa mtu, nayo hayapatikani kwa kutaja jina la mmoja aliyepata umaarufu.

Kwa hiyo twawashauri wenzetu waanzie Rusizi asubuhi mapema, pamoja na mlinzi wa hifadhi, watoto wasikaribie ukingo hata hatua moja zaidi ya pale atakapowaonyesha. Ikiwa nauli itatosha, mchana wafike Makumbusho Hai. Mwalimu atangulie siku moja kabla, aone hali ya wanyama ilivyo, na aseme mapema kwamba darasa lake halitanunua simbilisi. Waraka wa wazazi ulioandikwa "kumwona Gustave" uandikwe upya: "kuwatazama mamba na viboko wa ziwa letu." Somo la kuandika baada ya ziara lisiwe kisa cha mamba mla watu. Na mtoto atakayesema hapendi kwenda asiulizwe sababu mbele ya wenzake. Apewe kazi shuleni siku hiyo, na mwalimu mmoja abaki naye.